Kumuaga Asti

Jumatatu, 4 Agosti

Viatu vyangu havipo tena. Kimoja nimekikuta ndani ya ndoo ya unga, kingine chini ya godoro la Asti. Uji umeungua wakati natafuta. Tumeunywa hivyo hivyo.

Ni mwezi wa tatu sasa mtoto anaficha viatu. Vya mama yake, yaani dada yangu Oliva, vyangu, hata vya yule mama wa jumuiya aliyekuja kusali hapa Jumamosi. Alirudi kwake Lizaboni na kandambili za dada Oliva. Tulicheka. Ila mimi sicheki sana, kwa sababu najua kinachomsumbua. Ana miaka minne na hauamini mlango.

Dada ametoka saa moja kwenda kwenye cherehani yake sokoni. Amepita uani kama kawaida yake, Asti akiwa ameachiwa katuni kwenye simu yangu. Baada ya muda kidogo mtoto ameinua kichwa. Amezunguka vyumba vyote. Amefungua hata mlango wa choo. Kisha amekaa kizingitini. Watoto wa jirani wamemwita waende wakacheze rede. Hakwenda. Anachunga nyumba isipungue watu.

Upepo wa Agosti. Vumbi lote la Bombambili liko kwenye vyombo vyangu. Nimeosha mara mbili.

Jumanne, 5 Agosti

Shemeji Kastory amekaa siku mbili, leo ameondoka. Anaendesha lori la makaa ya mawe. Akienda ni siku kumi, wakati mwingine zaidi. Ana njia yake ya kuondoka: anamtuma Asti kwa jirani akaazime kiberiti. Mtoto akirudi, baba hayupo. Leo Asti alikataa kwenda. Basi baba akamwambia aende bandani aangalie kama kuku ametaga.

Amerudi na yai. Lori lilikuwa limeshakata kona.

Amelishika lile yai mpaka saa nne. Halikuvunjika.

Nimemkasirikia shemeji. Nimejikasirikia na mimi. Mwezi wa tano nilikwenda msibani Mbinga siku nne, nikatoka hapa Asti akiwa amelala usingizi wa mchana. Niliona nimefanya ujanja. Niliporudi hakunikimbilia. Viatu vilianza kupotea wiki ile ile.

Alhamisi, 7 Agosti

Jina langu limetoka. Ajira! Miaka minne tangu nimalize chuo cha ualimu, miaka mitatu na nusu kati ya hiyo nikiwa hapa kwa dada, nikilea na kuomba kazi. Nimepiga kelele mpaka kuku wametawanyika.

Shule ya msingi, kata ya Namasakata, Tunduru. Natakiwa kuripoti tarehe 21.

Dada amefunga cherehani mchana, akaja na kilo ya nyama na soda. Tumewasha redio. Asti amecheza kuliko wote, anazunguka mpaka gauni linafunguka kama mwavuli. Hajui tunashangilia nini.

Nilipolifikiria hilo, nyama ikanishinda.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, dada hakwenda kazini. Tumepanga mambo. Mama yake Kastory atakuja kutoka Hanga kukaa na mjukuu. Hilo limenipa amani, bibi ni mtu mwema. Kisha dada akasema, huku anachambua mchele bila kunitazama:

"Siku ya safari utaondoka akiwa amelala. Akiamka tutamwambia umekwenda dukani. Wiki mbili atakuwa amesahau."

Nimemwambia hatasahau. Nimemtajia viatu. Amesema viatu ni utundu tu. Nimemwambia nitamweleza Asti mwenyewe, mapema, kwa mdomo wangu.

"Wewe ni mwalimu wa watoto wa watu," amesema. "Mimi ni mama wa huyu."

Imeniuma kwa sababu ni kweli.

Jumamosi, 9 Agosti

Nimefua. Wakati nafua nimekumbuka kitu ambacho mimi na dada hatukizungumzi.

Nilikuwa na miaka mitano, dada tisa. Asubuhi moja mama hakuwepo. Shangazi akasema amekwenda shambani. Jioni akasema anakuja kesho. Kesho ikawa miezi minne. Mama alikuwa hospitali, amepasuliwa, na watu wazima wote walijua. Aliporudi amekonda, nilikataa kubebwa naye. Nilikaa mgongoni mwa shangazi namtazama kama mgeni. Mama alilia. Hilo la yeye kulia ndilo nalikumbuka zaidi ya yote.

Jioni nimemuuliza dada kama anakumbuka. Amesema anakumbuka. Alijua tangu siku ya kwanza, alisikia shangazi akiongea. Aliambiwa asiniambie mimi, nisije nikalia. Kwa hiyo alinidanganya miezi minne, mtoto wa miaka tisa. Sikuwahi kulijua hili.

Amesema, "Na hukulia, Skola. Ulikaa vizuri tu."

Sikukaa vizuri, dada. Sikumjibu hivyo. Tumekunja nguo pamoja. Mwisho amesema, haya, mwambie. Lakini sauti yake haikuwa ya mtu aliyekubali.

Jumapili, 10 Agosti

Nimemwambia.

Baada ya misa, uani, ananisaidia kumenya karanga. Nimesema nimepata kazi ya kufundisha, shule iko mbali, nitapanda basi, nitakaa huko. Nimesema bibi atakuja kuwa naye, mama yupo, baba ataendelea kuja na kwenda. Nimesema nitakuja likizo. Sikusema karibuni, sikusema kesho.

Amemenya karanga tatu zaidi. Kisha amenirushia sahani. Kisha amenipiga tumboni kwa ngumi zote mbili.

Nimemshika mikono. Nimesema, "Kukasirika unaruhusiwa. Kulia unaruhusiwa. Kunipiga hapana, inaniumiza."

Amenijibu, "Nenda sasa hivi!"

Dada alikuwa mlangoni. Ameniangalia kwa jicho la 'umeona?' kisha akaingia ndani. Karanga nimeokota peke yangu.

Jumatatu, 11 Agosti

Hanisemeshi. Akitaka maji anamwambia kuku, kwa sauti, ili nisikie. Nimempa maji kupitia kwa kuku.

Jumanne, 12 Agosti

Ameniruhusu nimchane. Hatujaongea mengi.

Nimeanza jambo. Kila ninapotoka, hata kwenda gengeni, ninamuaga. Namwambia ninakokwenda na nitarudi lini: kabla uji haujapoa, kabla kivuli hakijafika kwenye ngazi. Halafu narudi kweli. Mara ya kwanza amelia mpaka nimesikia kutoka barabarani. Mara ya pili amelia kidogo. Mara ya tatu amesimama kwenye seng'enge akiangalia kivuli.

Pia tumeweka maharage manane kwenye kopo. Kila asubuhi tunatoa moja. Likibaki tupu, ndiyo siku ya safari. Ameuliza kama kopo tupu linauma. Nimesema labda kidogo.

Na dada leo amepita mlango wa mbele. Amesema, "Asti, mama anakwenda kazini, atarudi jioni." Amesema haraka haraka kama mtu anayekunywa dawa chungu. Asti amemng'ang'ania gauni mpaka mshono umeachia. Dada ameondoka na gauni limeachia, fundi cherehani mzima.

Alhamisi, 14 Agosti

Siku mbaya. Nilikwenda mjini kuthibitisha vyeti. Nilimwambia nitarudi kabla ya chakula cha mchana. Foleni hadi nje, mgonga muhuri ametoka, amerudi, ametoka tena. Nimefika nyumbani saa kumi kasoro.

Jirani niliyemwachia alisema hakula kitu. Alikuwa kizingitini, viatu vyangu vya ibada amevikumbatia kifuani.

Nimepiga magoti kwenye vumbi nikamwomba radhi. Nimemwambia nilichelewa, niliahidi vibaya, si kosa lake. Mtu mzima kupigia mtoto magoti, jirani ameshangaa. Ameniambia, "Mwalimu, utakuja kumharibu huyo." Nimeingia jikoni kusonga ugali.

Asti amekula ugali wote niliompa. Kisha akaomba wa kwangu.

Ijumaa, 15 Agosti

Leo kwenye kopo yalipaswa kubaki maharage matano. Nimefungua, limejaa mpaka juu.

Nimemuuliza imekuwaje.

"Yamezaa," amesema.

Nimetoka nje nikacheka nikiwa nimeshika ukuta, kisha machozi yakanitoka. Nimerudi. Tumeyamwaga yote kwenye ungo tukahesabu hadi sitini na moja, tukipotea njiani. Nimemwambia, "Ungependa zibaki siku nyingi hivi." Amekubali kwa kichwa. Nimesema na mimi ningependa, na tena nataka kwenda kufundisha, vyote viwili viko moyoni kwangu kwa pamoja. Amelitafakari hilo akiwa na harage puani. Nimelitoa.

Tumerudisha matano. Mengine tumeyachemsha tukala na magimbi. Yeye mwenyewe aliyakoroga.

Jumamosi, 16 Agosti

Bibi amefika kutoka Hanga na mfuko wa viazi na jogoo hai. Nimemwamkia, nimempokea mzigo. Shemeji naye amerudi, lori limeenda gereji. Nyumba imejaa, nimefurahi.

Asti amelia kwa ajili ya kitu kidogo, kikombe. Bibi akamwambia akilia mbwa watamchukua. Mama mkwe wa dada yangu, kwake mimi ni nani? Baadaye jikoni nimemwambia, "Mama, huyu akitishwa hukaa kimya, lakini haponi. Ukimwacha alie kidogo karibu na wewe anamaliza mwenyewe." Nilitegemea atakasirika.

Amesema, "Mimi nimelea saba, na wote niliwatisha na mbwa." Amekoroga ugali. Kisha amesema, "Kastory mpaka leo anaogopa mbwa. Dereva wa lori."

Tumecheka mpaka shemeji amekuja kuuliza kuna nini.

Jumapili, 17 Agosti

Shemeji anaondoka leo. Nimemwomba amuage Asti. Amekuna kichwa.

"Shemeji, akilia mimi sitaondoka. Ndiyo maana natoroka. Unadhani napenda?"

Nilikuwa nikidhani hajali. Miaka mitatu na nusu nimeishi naye nyumba moja nikidhani hivyo. Nimeona haya.

Amemuaga. Amechuchumaa mbele yake, mtu mkubwa vile, mikono haijui ikae wapi. Amemwambia anapeleka makaa ya mawe, atalala kwenye lori, atarudi. Asti amemshika mguu na kupiga kelele ambayo Songea nzima imeisikia. Bibi amesogea karibu, hakutaja mbwa. Dada alimbandua mtoto, akambeba, wakamsindikiza hadi lilipoegeshwa lori. Shemeji amepiga honi mara mbili.

Amelia kama dakika kumi na tano. Kisha ameuliza kama baba ana blanketi huko kwenye lori. Bibi amesema analo. Akaomba kiazi.

Baada ya saa moja shemeji amepiga simu kutoka njiani, anauliza mtoto yukoje. Sauti yake ilikuwa nzito. Dada amemwambia anakula kiazi.

"Anakula?"

"Cha pili hiki."

Jumanne, 19 Agosti

Nimepanga nguo. Asti amenisaidia: ameweka sidiria, mwiko na picha ya mtakatifu. Viatu vyangu ameviweka mwenyewe ndani ya begi, vimekaa sawa.

Jioni nimemwomba dada tiketi aliyonikatia. Nilimwambia basi la saa tatu asubuhi. Tiketi imeandikwa saa kumi na mbili alfajiri.

Nimemtazama. Ameangalia chini.

"Lile la saa tatu limejaa," amesema. Kisha: "Hapana. Halijajaa."

Nimekasirika kweli kweli. Nimemwambia mambo ambayo sitayaandika. Na yeye akasema jambo ambalo lazima niliandike, kwa sababu ni haki yake:

"Wewe utakuwa kwenye basi. Mimi ndiye nitakayebaki na kilio chake. Kila nikimsikia analia naona ni wewe, naona nimekudanganya tena. Sijui namna nyingine, Skola."

Nimesema tu kwamba nitamwamsha. Saa yoyote basi litakapoondoka, nitamwamsha. Amekwenda kulala.

Harage ni moja.

Jumatano, 20 Agosti

Naandika nikiwa Namasakata, kwenye chumba nilichotafutiwa na mwalimu mkuu. Mgongo unauma. Niandike yote nisije nikasahau.

Nimemwamsha saa kumi na moja. Giza bado, baridi ya Songea inauma masikio. Nimekaa kitandani nikamwambia leo ndiyo siku. Ametoa harage mwenyewe, amelishika kiganjani, macho yamefumbwa nusu.

Swali lake la kwanza: "Nani atanisuka?"

"Bibi."

"Bibi anavuta."

Kutoka kitanda cha pili bibi akasema, "Nitasuka polepole. Utaniambia nikivuta."

Swali la pili hakuuliza. Amejilaza mapajani pangu akalia. Si kama Jumapili ile, si kwa ngumi. Kilio cha chini, kirefu. Nilitaka kusema nyamaza. Nimekaa nimemshika tu.

Nikajua dada hayupo chumbani. Nikafikiri amejificha jikoni asisikie. Mara ameingia na kitenge, amevaa sweta, amesema, "Njoo mgongoni. Tunakwenda stendi wote."

Tumekwenda kwa bajaji, begi miguuni. Stendi watu wa mabasi wanagombania mizigo, chai ya maziwa inauzwa, makondakta wanaita Namtumbo, Tunduru, Masasi. Asti amelaza shavu mgongoni kwa mama yake. Nimemuaga. Nimembusu kichwa. Amekataa kunipungia. Nimekaa dirishani nikapunga peke yangu.

Basi lilipoanza kurudi nyuma dada amegeuka ubavu, ili mtoto aone. Asti ameangalia mpaka mwisho. Aliyelia kwa sauti ni dada.

Nimelala kuanzia Namtumbo. Nimeamka tumeshaingia kwenye mikorosho.

Ijumaa, 22 Agosti

Niliripoti jana. Mwalimu mkuu amenipa darasa la kwanza, wote. Watoto wanatoka nyumbani wanaongea Kiyao, wengine Kiswahili chao ni cha kusalimia tu. Nitajifunza. Leo nimejifunza neno la maji na neno la mama. Wamenicheka matamshi.

Dada amepiga simu. Jana Asti alikataa chakula cha asubuhi, akampiga bibi kwa mwiko. Bibi akamwambia kupiga hapana. Mchana akala. Jioni alimkuta mama yake anafuta macho jikoni, akamwambia, "Unaruhusiwa."

Dada amenisimulia hilo mara mbili, kana kwamba sikusikia mara ya kwanza.

Jumapili, 31 Agosti

Nimeongea na Asti kwenye simu. Alilia, nikalia, bibi akachukua simu akasema sisi wote wawili kazi yetu ni kulia, na salio linakatika. Kichwa kimeniuma jioni yote. Namkosa. Naikosa mikono yake midogo inayonuka karanga.

Mwenye nyumba wangu, Bi Stumai, amesikia ukutani. Ameleta bakuli la wali wa nazi. Hakuuliza. Amekaa mkekani akaniambia habari za wanawe walioko Masasi hadi nikamaliza kula.

Jumamosi, 13 Septemba

Hakuna shule. Nimefua mashuka, nimekagua daftari za darasa la kwanza. Mmoja ameandika herufi zote zikitazama nyuma, nzuri kabisa. Mikorosho imetoa maua, uani kwa Bi Stumai kuna harufu yake, tamu kidogo, na nyuki wengi.

Saa kumi nimempigia dada. Tumeongea habari za kawaida. Kastory amerudi juzi na ameondoka leo, kwa mlango wa mbele. Jogoo wa bibi amemshinda yule wa jirani. Nikamwomba anipe Asti.

Dada amemwita. Nikasikia kelele za watoto kwa mbali, wengi, na mpira unadunda ukutani. Dada akaita tena. Nikasikia sauti ya Asti kutoka nje ya seng'enge, imekauka kwa kupiga kelele:

"Mwambie nacheza! Apige kesho!"

Dada akasema ngoja nimfuate. Nikasema hapana, mwache, mwache. Dada amecheka, akasema ana gauni la bibi harusi la kumaliza kabla ya saa kumi na mbili.

Nimekata simu. Imeniuma kidogo, lazima niseme. Nimesimama mlangoni nayo mkononi.

Bi Stumai alikuwa anapepeta mtama. Ameniuliza, "Kuna heri huko?"

"Heri, Bi Stumai. Heri tupu."

Nimechota maji mapema kabla ya foleni. Nimepika ugali na majani ya maboga, nimekaa nje kwenye mkeka, nimekula taratibu. Nimeshiba.